Karani wa Nguvu: Kazi za Mikono na Hesabu Zake Mjini Gisenyi

Sisi tufundishao lugha huulizwa maswali mengi ambayo hayamo katika mtaala. Siku moja, katika kipindi cha insha, tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari kichwa kisemacho "Kazi Niipendayo". Wengine wakainamia madaftari, lakini kijana mmoja akaja mezani petu na ukurasa mtupu. Alisema hakuandika kitu kwa sababu kila kazi aliyoifikiri aliikuta ina hesabu ndani yake, naye hesabu hazipendi. Kisha akauliza, "Mwalimu, hakuna kazi ya mtu asiyetaka tarakimu?" Kabla hatujajibu, mwenzake akamjibia kutoka nyuma: "Ipo. Kafagie barabara, au nenda sokoni ukabebe mizigo." Darasa zima likaangua kicheko. Nasi, twakiri, tulitabasamu.

Tangu siku ile kicheko kile hakijatutoka moyoni. Ndani yake mlikuwamo madai mawili ambayo jamii yetu imeyakubali pasipo kuyapima. Dai la kwanza ni kwamba kazi za mikono, na hasa za usafi na uchukuzi, hazina hesabu. Dai la pili ni kwamba kazi hizo ni fungu la walioshindwa darasani. Katika makala haya twataka kuyatia madai hayo katika mizani ya historia. Ili tusiseme kwa jumla, tumechagua mji mmoja, nao ni Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Mji huu uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, ukipakana na Goma ya Kongo. Tumeuchagua kwa sababu umeishi kwa mabega ya wachukuzi tangu mwanzo wake, na pia kwa sababu mchukuzi wa huko anaitwa kwa jina lililo fumbo zuri kwa mwalimu wa Kiswahili.

Jina na fumbo lake

Nchini Rwanda mtu abebaye mizigo sokoni na kwenye vituo vya magari huitwa karani ngufu. Wakiwa wengi huitwa abakarani. Neno "ingufu" la Kinyarwanda ni ndugu wa "nguvu" yetu, na "karani" ni neno la Kiswahili, ambalo nasi tulilipokea kutoka Uhindi kwa njia ya bahari. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akilisikia jina hilo hushangaa. Karani amjuaye yeye ni mtu wa meza, kalamu na daftari. Enzi ya Wajerumani karani ndiye aliyeandika kodi, akahesabu mizigo na kusoma barua za bwana mkubwa. Imekuwaje basi jina la mtu wa tarakimu likakaa juu ya mtu wa gunia?

Yawezekana watu wataona mzaha hapo: huyu ni karani, ila ofisi yake ni mgongo. Lakini kila aliyesimama sokoni akamtazama mchukuzi akipatana bei ataona kwamba jina hilo halikukosea sana. Kabla hajainua gunia hulitikisa kwa mkono ili aujue uzito. Huupima kwa macho mwendo uliopo hadi mahali pa kulishusha, akaangalia kama njia inapanda au inashuka, kisha hutaja bei. Akikosea kidogo, atakuwa amefanya kazi ya bure. Akizidisha, mteja atamwita mwingine. Hesabu hiyo huifanya kwa muda mfupi kuliko sisi tunavyochukua kuandika swali ubaoni, wala hajui kwamba aliyoifanya ni hesabu.

Mzigo na kibaba

Tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba hali hii ni ya kale. Mwishoni mwa mwaka 1893 msafara wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen uliondoka Pangani. Mwaka 1894 ulipita Rwanda, ukapokewa na Mwami Kigeri IV Rwabugiri, na mwezi Juni ukafika kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, karibu na mahali ulipo mji wa Gisenyi leo. Kutoka hapo uliendelea kuvuka Kongo hadi bahari ya Atlantiki. Vitabu vimemkumbuka Götzen. Waliobeba nguo, shanga, mahema na risasi za msafara ule hawakukumbukwa, ingawa bila wao asingalifika popote.

Mpagazi wa misafara hiyo hakuwa mtu asiyejua kipimo. Mzigo wake ulikuwa aghalabu ratili 60 hadi 70, na ukitimia ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi za leo. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na vibaba vinne vilifanya pishi. Mahali ambapo chakula hakikugawiwa, alipewa nguo ya kununulia, nayo ilipimwa kwa mikono: shuka ni mikono 4, doti ni mikono 8. Mpagazi aliyekubali mzigo uliozidi kipimo aliumia safari nzima. Aliyekubali kibaba kisichojaa alilala na njaa. Ndiyo maana habari za misafara zimejaa ugomvi juu ya uzito na posho, na mara nyingi wapagazi walitua mizigo chini wakakataa kwenda mpaka haki yao ipimwe upya. Methali yetu isemayo haba na haba hujaza kibaba tunaifundisha kama nasaha ya subira. Kwa mpagazi kibaba kilikuwa chakula chake cha siku.

Katika misafara hiyo Kiswahili kilipanda kutoka pwani mpaka maziwa makuu. Tukiwafundisha watoto kwamba lugha yetu ilienezwa na wafanyabiashara, wamisionari na maofisa, tunasema kweli pungufu. Ilienezwa pia na watu waliokuwa na vilemba vya kubebea mizigo kichwani.

Kikaratasi cha kazi

Neno la pili lifaalo kuangaliwa ni "kibarua". Leo tukisema fulani ni kibarua tunamaanisha mtu wa kazi ya kutwa, asiye na ajira ya kudumu. Lakini neno lenyewe ni barua iliyopunguzwa: kibarua ni barua ndogo, ni kikaratasi. Katika Unguja ya karne ya 19 mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi kuwa ushahidi kwamba amefanya kazi siku ile, akakirudisha alipolipwa. Jina la karatasi likamhamia mtu. Wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa mjini, na sehemu ya ujira wao ilichukuliwa na mabwana. Kwa hiyo mtu yule aliyeitwa kwa jina la karatasi mara nyingi hakujua kuisoma, na fedha iliyoandikwa hapo haikuwa yake yote.

Jambo hili lilikua katika enzi ya ukoloni. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kila mfanyakazi alikuwa na kipande, kadi yenye vyumba 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, chumba kimoja kilitiwa alama. Alama zilipotimia 30 ndipo alipolipwa mshahara. Siku ambayo kazi haikumalizika haikuhesabiwa, hata kama jasho lilikuwa limemtoka. Mkataji alifunga majani ya mkonge kwa mafungu ya majani 30, na fungu pungufu lilikataliwa. Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kipande kilikuwa hati ya kila mwanamume Mwafrika mtu mzima, akaivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na ndani yake yaliandikwa majina ya waajiri na mshahara wake.

Twaona basi kwamba kazi ya mikono haikuwa mbali na tarakimu hata siku moja. Kilichotokea ni kwamba tarakimu zilishikwa na mkono mwingine. Mwenye jembe alifanya, mwenye kalamu akahesabu, na palipotokea ugomvi daftari ndilo lililoaminiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu za mtu nazo ni mali.

Vita na akazi

Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana juu ya mipaka ya nchi hizi za maziwa. Gisenyi ikabaki upande wa Wajerumani, na upande wa pili ukawa wa Wabelgiji. Vita vilipozuka mwaka 1914, mstari huo uliochorwa juu ya karatasi ukawa uwanja wa mapigano. Majeshi yalitazamana hapo karibu miaka miwili, hata Mei 1916 Wabelgiji walipoingia Gisenyi na Kigali.

Vita vile vilibebwa kichwani, kwa kuwa barabara za magari zilikuwa chache na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Waingereza katika Afrika Mashariki walitumia wachukuzi wapatao milioni moja kwa jumla, na vifo vyao vilivyoandikwa vilizidi 90,000. Wabelgiji walitumia wachukuzi wanaokadiriwa kuwa 260,000. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na la Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu ya jeshi hilo la wachukuzi. Wengi walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Na kwa sababu majina mengi hayakuandikwa sawasawa, ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia wake wala watoto wao. Hapa ndipo tuonapo kwa uchungu maana ya kuhesabiwa na mtu asiyekujali. Katika eneo la Gisenyi na jirani zake vita viliacha njaa kubwa, ikumbukwayo kwa jina la Rumanura, kati ya miaka 1916 na 1918. Chakula na watu walikuwa wamechukuliwa kwa ajili ya majeshi, na mvua nayo ikakosa.

Baada ya vita Wabelgiji walishika Rwanda, na neno letu "kazi" likaingia Kinyarwanda kwa umbo la "akazi". Leo akazi ni ajira yoyote, na kijana wa Gisenyi akipata akazi nyumbani hushangilia. Kwa babu zake neno hilo lilikuwa na uchungu: lilikuwa jina la kazi za lazima za serikali, kama vile kuchimba barabara, kupanda kahawa na kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Pamoja nalo likaja neno "ikiboko", ambalo halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Juu ya hayo ilikuwapo uburetwa, yaani siku ambazo mkulima alimtumikia chifu bila ujira. Utumishi huo ulianza kabla ya ukoloni. Wabelgiji waliupunguza siku zake hatua kwa hatua, hata ukafutwa mwaka 1949. Kila mkulima alijua idadi ya siku hizo kama ajuavyo vidole vyake, maana siku moja iliyoongezwa na mnyapara ilikuwa siku moja iliyotolewa katika shamba lake.

Haishangazi kwamba wengi waliondoka. Walikwenda Uganda kulima pamba na kahawa katika mashamba ya Buganda. Kati ya 1925 na 1930 wengine waliandikwa kwenda migodi ya Katanga. Kuanzia 1937 serikali ya Ubelgiji iliendesha mpango wa kuwahamishia Wanyarwanda nyanda za Masisi, ng'ambo tu ya Gisenyi, ili waishi na kufanya kazi huko. Mhamiaji huyo, ambaye mara nyingi hakuwa amekwenda shule, alilazimika kujua mambo matatu ya hesabu: kodi ya kichwa anayodaiwa kwao, ujira wa mwezi, na nauli au siku za kurudi kwa miguu. Asipoyajua alirudi mikono mitupu.

Nyumba za kando ya ziwa

Wabelgiji waliupenda ufuo wa Gisenyi kwa upepo na mchanga wake, wakajenga nyumba za mapumziko na hoteli. Nyumba hizo zilihitaji watu wa kufagia, kufua, kupika, kupasi, kulinda na kutunza maua. Alama ya kazi hizo imo katika Kinyarwanda mpaka leo, nayo ina sauti ya Kiswahili. Mtumishi wa nyumba ni umuboyi, mlezi wa watoto ni umuyaya, mlinzi wa usiku ni umuzamu, fundi ni umufundi. Meza ni ameza, kitanda ni igitanda, sahani ni isahani, sufuria ni isafuriya. Maneno haya hayakuingia kwa vitabu vyetu. Waliyapeleka waliokuwa wakiosha sahani hizo na kuitandika meza hiyo.

Ni kweli kwamba katika nyumba hizo mtu aliweza kupitisha kutwa bila kuandika tarakimu moja. Lakini tumtazame mfua nguo. Alipokea nguo kwa idadi na kuzirudisha kwa idadi, na shati moja likipotea lilikatwa katika mshahara wake. Tumtazame mpishi aliyetumwa sokoni na fedha: alirudi na chenji, na tena na hesabu ya kila kitu kichwani, maana bwana au bibi angeuliza. Asiyejua kuandika aliweka fundo katika kamba, au kokote mfukoni, au mkwaruzo ukutani nyuma ya jiko. Hata hivyo walioitwa wajuzi wa hesabu mjini walikuwa ni makarani peke yao.

Jembe la shule

Baada ya uhuru viongozi wa nchi zetu waliona aibu hii ya kudharau kazi ya mkono, kila mmoja kwa njia yake. Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, ikataka shule na shamba viende pamoja. Nchini Rwanda mwaka 1974 Rais Juvénal Habyarimana aliifanya umuganda, desturi ya kale ya majirani kusaidiana kulima na kujenga, kuwa kazi ya umma ya kila wiki. Kisha yakaja mageuzi ya elimu ya mwaka 1979. Shule ya msingi ilipanuliwa kutoka miaka 6 hadi 8, na kwa wale wasiochaguliwa kwenda sekondari zilianzishwa shule za CERAI za miaka 3, zilizofundisha kilimo, ujenzi, useremala, ushoni na mapishi.

Nia ilikuwa njema. Lakini wazazi wengi waliziona shule hizo kuwa mahali pa walioachwa, na si ajabu, kwa kuwa ndivyo wanafunzi walivyopatikana: waliofaulu waliondoka, waliobaki wakapewa jembe na msumeno. Mwaka 1991 mageuzi hayo yalirudishwa nyuma. Fundisho lake kwa walimu ni zito. Haiwezekani kumwambia mtoto kwamba jembe ni heshima huku tukimpa jembe hilo siku ile ile aliyoshindwa mtihani. Na seremala aliyepelekwa kwenye useremala kwa sababu hajui hesabu atakata mbao za watu vibaya maisha yake yote.

Hatuna budi kusema pia yaliyotokea mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, lugha ya kazi ilinajisiwa: waliopanga mauaji waliita kuua "kazi", wakawakusanya watu kama wanavyokusanywa kwa umuganda. Walimu wa lugha wanapaswa kulijua hilo, ili wajue jinsi neno jema linavyoweza kutekwa. Umuganda ulirudishwa tena mwaka 1998 na ukawekewa sheria mwaka 2007. Sheria hiyo iliweka Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, kwa watu wa miaka 18 hadi 65. Daktari na mchukuzi wakashika fagio pamoja.

Ufagio na nukta

Tufike sasa katika zama zetu. Alfajiri katika miji ya Rwanda utawakuta wafagiaji wa barabara, wengi wao wanawake, wakifanya kazi kabla magari hayajazidi. Mpakani mwa Gisenyi na Goma, kwa miaka mingi, makumi ya maelfu ya watu wamekuwa wakivuka kwa siku moja na vitunguu, maziwa, unga na nguo. Miongoni mwa wachukuzi wa hapo wamekuwamo watu wenye ulemavu wa miguu, waendeshao baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni bidhaa, nao waliunda vyama vya ushirika. Upande wa Goma kuna chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili, ambalo sanamu yake imesimamishwa mjini humo kuwaenzi waliolisukuma. Mwenye chukudu asipogawanya uzito sawa mbele na nyuma, mteremko utamwadhibu.

Lakini mfano unaotushinda wote ni wa mtu wa usafi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walipita Gisenyi wakaingia Goma, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika wiki chache. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alionekana Goma, na mpaka mzima ukawekwa katika hadhari. Katika siku za hatari kama hizo, ngao ya kwanza ya mji ni ndoo ya maji yenye klorini, na anayeichanganya ni mfanyakazi wa usafi. Kuna vipimo viwili. Maji ya kunawia mikono huwa na klorini 0.05 kwa mia. Ya kusafishia sakafu, vyombo na mahali palipochafuliwa na mgonjwa huwa 0.5 kwa mia. Tofauti ya vipimo hivyo ni sifuri moja baada ya nukta, na maana yake ni mara kumi. Akikosea upande mmoja, ngozi za watu zitaungua. Akikosea upande wa pili, sakafu itang'aa na ugonjwa utabaki.

Somo hilo la nukta tunalifundisha darasani, na wanafunzi hulisahau baada ya mtihani. Mtu wa ufagio halisahau, kwa kuwa uhai wake na wetu umo ndani yake. Je, ni yeye tunayemwita mtu asiye na hesabu?

Jibu letu

Turudi kwa kijana wetu. Hatukutaka kumdanganya. Zipo kazi njema ambazo mtu asiyependa tarakimu anaweza kuzifanya kwa furaha: kufagia, kupalilia, kuosha vyombo, kufua, kuchota mchanga, kubeba, kutunza bustani. Mtu anaweza kufanya kazi ya kutwa nzima bila kuona swali la kugawanya. Wapo waliozipenda kwa hiari, kwa kuwa zina mwanzo na mwisho unaoonekana, na mwili ukichoka moyo hupumzika. Kazi hizo hazihitaji kuombewa radhi na mtu yeyote.

Tulichomwambia ni kwamba hesabu atazikuta huko pia, ila zimevaa nguo nyingine. Atazikuta katika siku alizofanya na siku alizolipwa. Atazikuta katika ndoo, katika gunia, katika mteremko. Atazikuta katika ikimina, kikundi cha kuwekeana akiba ambacho wachukuzi na wafagiaji wa Rwanda hukitumia kama sisi tutumiavyo upatu, ambapo kila mmoja hana budi kujua zamu yake na fedha yake. Asipozishika mwenyewe zitashikwa na mwingine, na tumekwisha kuona katika kibarua, kipande na daftari la vita jinsi mambo yanavyokuwa hapo.

Alinyamaza kitambo. Kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitarajia, kwamba mama yake ni mfagiaji, na kwamba kila mwisho wa mwezi humwita yeye amsomee karatasi ya malipo, naye huogopa kukosea. Ndipo tulipotambua kwa nini ukurasa wake ulikuwa mtupu, na ndipo tabasamu letu la siku ile lilipotuumiza. Hakuchukia hesabu kwa uvivu. Alikuwa amebebeshwa hesabu ya nyumba nzima akiwa mdogo, na darasani akachekwa kwa kazi ya mama yake.

Kipindi kilichofuata tuliwapa wanafunzi wote kichwa kingine cha insha: "Siku Moja ya Mtu wa Kazi". Kila mmoja alitakiwa kumwendea mchukuzi, mfagiaji, mfua nguo au mlinzi, amwamkie kwa adabu, na kumwuliza jinsi anavyopima na kuhesabu kazi yake. Tulipata insha bora kuliko zote za mwaka ule. Tulijifunza maneno ambayo hayamo katika vitabu vyetu, na mwalimu wa hesabu akaja kuziazima ili atungie maswali.

Tangu 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na walimu wake wanaongezeka. Twawashauri wenzetu, wa huko na wa kwingineko, wajaribu zoezi hilo. Twawashauri pia wamfundishe kila mtoto, hasa yule aogopaye tarakimu, kusoma karatasi ya malipo kabla hajatoka shuleni. Na mwanafunzi akicheka tena ufagio darasani, mwalimu asitabasamu kama tulivyotabasamu sisi. Amwulize kwanza nukta inakaa wapi katika ndoo ya klorini.